Ubao wa Mteja, Ukanda wa Fundi: Nani Alipe Msumeno Unapopinda?



Useremala wa Arusha haufanyiki katika karakana kubwa peke yake. Ukipita Ngarenaro, Sombetini na Sakina, ukapanda hadi Ngaramtoni, au ukaelekea upande wa Tengeru na Usa River, utakuta nyumba ambazo ua wake umeezekwa mabati upande mmoja, na chini ya mabati hayo pana benchi, randa, patasi, na karibu na ukuta umesimama msumeno wa mkanda. Baba hufanya kazi hatua kumi kutoka jikoni. Watoto wakirudi madrasa hupita katikati ya maranda. Ada za shule, kodi ya nyumba na futari ya Ramadhani hutegemea ukanda mwembamba wa chuma wenye meno, unaozunguka juu ya magurudumu mawili.

Swali la leo limefika mbele ya kamati ya msikiti zaidi ya mara moja, na kila lilipofika liliambatana na hasira. Mteja amenunua mbao zake mwenyewe za mninga, nazo si rahisi. Amezipeleka kwa fundi jirani zipasuliwe ziwe nyembamba kwa ajili ya milango. Zimerudi zimepinda, nene mahali pamoja na nyembamba mahali pengine, hazifai hata kwa kabati. Mteja anataka alipwe mbao zake. Fundi anaapa kwamba mbao ndizo zilizokuwa mbaya. Wote wawili huswali safu moja, na sasa hawasalimiani. Nani ana haki?

Fiqhi haikuliacha jambo hili bila maelezo. Fundi anayepokea kazi za watu mbalimbali huitwa ajiri mushtaraka, yaani mfanyakazi wa wote, tofauti na yule aliyeajiriwa na mtu mmoja kwa muda maalumu. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii, kauli iliyopewa nguvu, kama alivyoiandika Imam Nawawi katika Minhaj, ni kwamba mkono wa fundi huyo ni mkono wa amana: mali ikiharibika kwake bila ya yeye kuvuka mpaka, halipi. Wanazuoni wa Kimaliki waliwabebesha mafundi dhamana zaidi ya hapo, na imepokewa kwamba Sayyidna Ali (r.a.) naye aliwadhaminisha mafundi ili mali za watu zisipotee mikononi mwao. Lakini hata kwetu sisi Mashafii, amana ina sharti lake. Fundi akifanya taksiri, yaani akizembea jambo ambalo fundi wa kawaida wa kazi hiyo hangelizembea, amana hugeuka kuwa deni. Vilevile iko Hadithi iliyopokewa na Abu Daud, yenye maana kwamba anayejitia utabibu ilhali hajulikani kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara anayoyaleta, na si vigumu kuona namna maana hiyo inavyomgusa mtu aliyenunua mashine juzi na leo anapokea mbao za watu.

Hukumu hiyo ni nyepesi kuisoma. Ugumu uko katika kuitekeleza, kwa kuwa wanazuoni wa usuli walitufundisha kwamba hukumu juu ya kitu hufuata kukijua kitu chenyewe. Atakayesema "huyu amezembea" au "huyu hakuzembea" bila kujua namna ukanda wa msumeno unavyowekwa, anahukumu gizani. Ndiyo maana safu hii leo itatoka kidogo katika vitabu, iingie katika vumbi la mbao.

Katika shauri moja la namna hiyo, kamati ilimwomba mzee mmoja, seremala wa miaka mingi ambaye sasa amestaafu, afike kwenye karakana ya fundi pamoja na pande zote mbili. Mzee hakuitazama mashine kwanza. Aliomba mbao mbili zilizotoka katika ubao mmoja, akazilaza juu ya benchi, akapima unene wake sehemu tatu: kando ya juu, katikati, na kando ya chini. Ubao wa kwanza ulikuwa na milimita 24 kandoni na 27 katikati. Pacha wake ulikuwa na milimita 24 kandoni na 21 katikati. Mmoja umefura, mwingine umebonyea, na ukiziweka pamoja zinakaliana kama bakuli mbili.

"Ubao ukijipinda wenyewe," alisema, "unene wake haubadiliki. Huu unene umebadilika."

Kipimo hicho kila mteja na kila fundi anapaswa kukijua, kwa kuwa kinakata ugomvi kabla haujakua. Mbao nyingi za msindano na saipresi zinazotoka katika mashamba ya misitu ya Meru hufika mjini zikiwa bado na maji ndani yake, hasa wakati wa masika. Ubao wa namna hiyo ukipasuliwa, upande mmoja hukauka kabla ya mwingine, na mkazo uliokuwa umefungwa ndani hufunguka. Basi ubao hujikunja kama upinde baada ya kutoka kwenye msumeno, wakati mwingine usiku kucha hali fundi amelala. Lakini ukipima unene, utaukuta ni ule ule kutoka ncha hadi ncha. Hapo fundi hana kosa la mkato, na mteja aliyenunua mbao mbichi kwa sababu ya bei nafuu amevuna alichonunua. Ukikuta unene unapanda na kushuka, jua kwamba ukanda ndio uliopinda ndani ya mbao ukiwa unakata, na hapo ndipo mashine inapopaswa kutoa ushahidi.

Ni mashine ya namna gani hii? Ni magurudumu mawili, moja juu na jingine chini, kila moja limevikwa mpira, na ukanda wa chuma uliounganishwa ncha kwa ncha umezungushwa juu yake. Gurudumu la milimita 350 likizunguka mara 900 kwa dakika, ukanda hukimbia karibu kilomita moja katika dakika hiyo, na kila jino hupita mezani takriban mara sita kwa sekunde. Mvumbuzi wake, Mwingereza William Newberry, aliisajili mwaka 1808, lakini kwa miaka mingi haikuwa na faida kubwa kwa mtu, kwa sababu ukanda ulikuwa ukikatika pale ulipounganishwa. Aliyepata njia ya kuunganisha ncha hizo kwa uimara alikuwa mwanamke wa Kifaransa, Anne Paulin Crépin, mwaka 1846. Hataza yake ikanunuliwa na kampuni ya Périn ya Paris, na kuanzia hapo mashine ikaenea duniani. Nalitaja hili kwa ajili ya mabinti wanaoambiwa kwamba karakana si mahali pao. Na nalitaja pia kwa sababu hadi leo kiungo hicho ndicho mahali dhaifu pa ukanda, kama tutakavyoona.

Mzee alichomoa waya wa umeme kwanza. Kuzima swichi hakukumtosha: alichomoa plagi ukutani akaiweka mfukoni mwa koti lake. Kisha akamgeukia fundi. "Mwanangu, ukanda huu umeuweka lini?"

"Kabla ya Ramadhani, mzee."

Nasi tulikuwa Muharram.

Alichofanya baada ya hapo ni kuuvua ukanda na kuuweka upya kwa utaratibu wake, akieleza. Utaratibu wenyewe ndio kiini cha elimu hii, kwa kuwa kila hatua hutegemea iliyotangulia, na anayeanza na hatua ya tano atarudi kwenye ya kwanza akiwa amechoka na ameudhika. Kwanza hulegezwa mkazo wa springi, na vibanio vyote vinavyouelekeza ukanda, vya juu ya meza na vya chini yake, husogezwa mbali visiuguse. Mafundi wengi husahau vile vya chini kwa sababu vimefichwa na meza, kisha wakashangaa kwa nini ukanda mpya hautulii. Halafu magurudumu husafishwa. Unga wa mbao uliochanganyika na utomvu wa msindano huganda juu ya mpira mithili ya ugali uliokauka sufuriani, na ukanda ukipita juu ya uvimbe huo hurukaruka kila mzunguko. Hukwanguliwa kwa kipande cha mbao, na mpira uliopasuka au uliolika katikati hubadilishwa.

Ndipo ukanda unapovikwa, meno yakimtazama anayekata na ncha zake zikielekea chini mezani. Kuna watu wazima wenye akili timamu ambao wamenunua ukanda mpya, wakauweka, ukakataa kukata hata ubao wa boksi, wakaurudisha dukani kwa ugomvi, kumbe meno yalikuwa yanatazama juu. Ukanda uliogeuka hivyo hauna ubovu. Hushikwa kwa glavu na kugeuzwa ndani nje, ukakaa sawa.

Baada ya kuvikwa, hukazwa kidogo tu, na gurudumu la juu huzungushwa kwa mkono. Hapa hutazamwa kama ukanda unatulia katikati ya mpira au unakimbilia ukingoni. Nyuma ya gurudumu la juu pana kirungu au bolti ya kulilaza gurudumu mbele au nyuma. Huzungushwa robo kwa robo hadi ukanda utulie. Mtu asiwashe umeme ili aone unakwenda wapi. Mkono wake unamtosha, na ukanda ukichomoka kwa mkono haumdhuru mtu.

Sasa hukazwa kwa mkazo kamili. Mashine nyingi zina alama za kuonyesha mkazo, lakini springi iliyotumika miaka kumi hailingani tena na alama zake. Mzee aliinua kibanio cha juu kiasi cha milimita 150 kutoka mezani, akausukuma ukanda ubavuni kwa kidole kimoja kwa nguvu ya wastani. Ukanda uliokazwa vizuri husogea takriban milimita 6. Ule wa fundi wetu, kabla haujavuliwa, ulikuwa umesogea zaidi ya mara mbili ya hapo. Baada ya kukaza, kutulia kwa ukanda katikati huangaliwa tena, kwa kuwa mkazo hubadilisha mwelekeo.

Hatua inayofuata ni meza. Guniya husimamishwa juu ya meza na kuegemezwa kwenye bapa la ukanda, lisiguse ncha za meno. Asiye na guniya ya kuaminika akate kipande cha ubao mnene, ageuze nusu moja juu chini, kisha aziunganishe. Mwanya ukionekana, meza imeinama.

Kisha huja vishikizo, na hapa ndipo wengi huharibu. Nyuma ya ukanda pana beringi inayouzuia usirudi nyuma unaposukumwa na ubao. Ukanda ukizunguka bila kukata, usiiguse. Acha nafasi ya karatasi nne zilizokunjwa pamoja. Ubao ukiingia, ukanda urudi nyuma kidogo na beringi izunguke. Pembeni mwa ukanda pana vibanio viwili, vya chuma, vya beringi au vya mbao ngumu kama mpingo, na nafasi ya kila kimoja ni unene wa karatasi moja. Visisogee mbele hadi yalipo meno, maana vitaua mpangilio wake. Vikae nyuma kidogo ya mabonde ya meno. Kazi hiyo hiyo hurudiwa chini ya meza. Katika mashine ile, beringi moja ya pembeni ilikuwa imeganda kwa utomvu, haizunguki, na imelika upande mmoja. Ukanda ulikuwa na nafasi ya kuyumba upande huo kila ubao mpana ulipoupa kazi ngumu.

Mwisho kabisa, kibanio cha juu hushushwa hadi kibaki milimita 5 au zaidi kidogo juu ya ubao utakaokatwa. Kila sentimita ya ukanda iliyo wazi bure ni nafasi ya kupinda, na ni nafasi ya kidole.

Sasa turudi kwenye shauri letu tukiwa na macho. Mkato uliofura katikati huletwa na mambo machache: mkazo hafifu, meno butu, meno madogo na mengi mno kwa ubao mpana, au mkono unaosukuma kwa haraka. Kupasua ubao mpana kunahitaji meno makubwa, matatu au manne kwa inchi, ili mabonde yake yabebe unga na kuutoa. Ukanda wa meno kumi kwa inchi hujaa unga katikati ya ubao, ukakosa pa kupita, ukapinda. Kwa ubao mwembamba ni kinyume chake: angalau meno matatu yawe ndani ya mbao kwa wakati mmoja, la sivyo yatanyofoa.

Ukanda unaovutia upande mmoja, hata mtu akisukuma sawasawa, mara nyingi meno yake ya upande mmoja yamefubaa. Hilo hutokea hasa ukigusa msumari. Mzee alipitisha ukucha taratibu, mashine ikiwa imezimwa, kwenye meno ya kushoto na ya kulia. Ya kulia yalikuwa hayashiki. "Umekata mbao za bomoabomoa," alisema, na fundi akakubali kwamba wiki kadhaa nyuma alikata mbao za nyumba ya zamani. Jambo hili lina hukumu yake peke yake. Mteja anayeleta mbao zilizotoka katika nyumba iliyobomolewa, naye anajua zina misumari, akanyamaza, amemghuri fundi, na ukanda ukiharibika yeye ndiye wa kulipa. Asiyejua wala fundi asiyeweza kujua, hakuna wa kumlaumu. Lakini fundi aliyegusa msumari, akasikia mlio wake, akaona cheche, kisha akaendelea kupasua mninga wa mtu mwingine kwa ukanda ule ule, huyo amevuka mpaka wa amana.

Palipo na mvuto mdogo usiotokana na ubovu, fundi huujua kwa njia rahisi: huchora mstari ulionyooka juu ya ubao wa kutupa, hukata kwa mkono akiufuata, husimama katikati, huzima, na kutazama ubao umekaa kwa pembe gani juu ya meza. Reli ya kuongozea hupangwa kwa pembe hiyo. Kinachozidi hapo si cha kurekebishwa kwa reli. Na fundi wetu, alipoulizwa kwa upole, alisema kwamba kwa siku kadhaa alikuwa akiuvuta ubao kwa mkono ili urudi kwenye mstari. Maneno hayo ndiyo yaliyoamua. Alikuwa anajua.

Sauti nayo ni shahidi. Ukisikia tik, tik, tik katika kila mzunguko, zima. Huenda ni kiungo kilichounganishwa vibaya, huenda ni uvimbe wa utomvu, na huenda ni ufa. Ukanda uliopasuka ukitazamwa vizuri husema ulichotendewa: nyufa zinazoanzia mbele, katika mabonde ya meno, hutokana na kusukuma kwa nguvu, mkazo uliozidi, au ukanda mnene mno kwa gurudumu dogo, nyufa zinazoanzia mgongoni hutokana na beringi ya nyuma iliyoganda au iliyosogezwa karibu mno. Ukanda unaounguza mbao kwenye kona ama ni butu ama ni mpana kwa kona hiyo. Ukanda wa milimita 6 huzunguka duara la nusukipenyo cha milimita 16 hivi. Wa milimita 12 unahitaji nusukipenyo cha milimita 64. Anayelazimisha zaidi ya hapo anaupinda kama waya, na waya ukipindwa mara nyingi hukatika.

Kuhusu umeme nitasema kwa ufupi. Unaposhuka jioni, wakati kila nyumba inapika na kupiga pasi, mota hupoteza nguvu na ukanda hukwama. Ubao mpana na usubiri asubuhi. Umeme ukikatika katikati ya mkato, swichi izimwe kabla ya jambo jingine lolote, kwa sababu hautabisha hodi ukirudi. Na wanaoletewa mashine zilizotumika kutoka Marekani wajue kwamba mota ya kule imeundwa kwa mizunguko 60 ya umeme kwa sekunde, na yetu ni 50. Hata ukiiwekea transfoma ya kubadilisha volti, itazunguka polepole kuliko ilivyokusudiwa.

Shauri liliishia kwa sulhu, ambayo Qur'an imeisifu. Mbao zilizobonyea zilipimwa upya ikaonekana baadhi zinaweza kurandwa zikafaa kwa droo. Fundi alikubali kulipa zilizosalia kwa mafungu matatu, mteja akasamehe sehemu, na kazi ya milango akaiacha kwa fundi yule yule, kwa sharti la ukanda mpya. Wapo katika kamati walioona kwamba fundi alibebeshwa kidogo kuliko alivyostahili. Mimi naona mteja alifanya vizuri, kwani fundi aliyekwisha kujifunza mashine yake ni bora kuliko fundi mgeni.

Imebaki habari ya vidole. Katika sheria ya Kiislamu, diya ya kidole kimoja ni ngamia kumi, na Mtume (s.a.w.) alikilinganisha kidole gumba na kidole cha mwisho, vyote sawa. Diya ya nafsi nzima ni ngamia mia moja. Maana yake ni kwamba kidole kile kidogo ambacho mtu hukisahau kina sehemu ya kumi ya thamani ya uhai. Kijana anayejifunza kazi katika ua wako, aliyekabidhiwa kwako na mama yake, ana vidole kumi vya thamani hiyo.

Tusemeni basi yanayotuhusu sisi hasa. Mtu ametoka msikitini baada ya Adhuhuri, amevaa kanzu, anapita karakanani, na anasema nikate kipande kimoja tu kabla ya chakula. Mikono mipana ya kanzu na mashine yenye ukanda havikutani. Aivue. Pete ya fedha, ambayo kuivaa ni sunna, iwekwe kwenye dirisha hadi kazi iishe. Dada anayefanya kazi hii, nao wapo, afunge mtandio ndani ya koti la kazi, ncha zake zisining'inie. Glavu ni za kushikia ukanda wakati wa kuuvua na kuuvika. Mashine ikiwashwa zivuliwe, maana jino likikamata uzi wa glavu huvuta na mkono. Sentimita kumi za mwisho za ubao husukumwa kwa kijiti. Na ubao ukikwama, usiurudishe nyuma huku ukanda unazunguka, kwa sababu utauvuta ukanda utoke kwenye magurudumu. Zima, ngoja usimame, kisha uutoe.

Watoto wawekewe mpaka, na mpaka wa mdomo hautoshi. Mlango wa karakana ufungwe, au plagi ikae mfukoni kama alivyofanya mzee. Unga wa mbao nao si wa kupuuzwa katika nyumba yenye mtoto mchanga: shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, tangu mwaka 1995 limeuweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Barakoa, upepo wa kutosha, na nguo za kazi zivuliwe kabla ya kumbeba mtoto. Jirani naye ana haki yake, na msumeno unaolia baada ya Isha ni adha hata kama kazi ni ya halali.

Jioni, kazi ikiisha, ukanda hulegezwa. Ukiachwa umekazwa usiku kucha kwa miezi, springi huchoka, mpira wa gurudumu huingia bonde, na ukanda wenyewe hufupisha maisha yake. Wakati wa masika hupanguswa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, kwani baridi ya mlimani huacha umande juu ya chuma. Lakini ukanda uliolegezwa ukiwashwa hutoka kwenye magurudumu kwa kishindo. Kwa hiyo mzee, kabla ya kuondoka siku ile, aliomba chaki, akaandika kwa herufi kubwa juu ya mlango wa mashine: UMELEGEZWA. Kisha akamwita kijana mwanafunzi, akamwambia alisome neno hilo kwa sauti, ndipo akamrudishia fundi plagi yake.